Kompyuta za mashule: ubao mama wa bei rahisi unakula makuta ya wazazi

KIVU YA KUSINI – Siku ya kuzindua chumba cha kompyuta, kila kitu kinang'aa. Meza zimefunikwa vitambaa, prefe wa masomo amevaa koti, wakubwa wamekaa mbele, wanafunzi wanaimba, mtu anakata utepe na picha zinapigwa. Miezi sita baadaye chumba hichohicho kina kufuli mlangoni. Ndani, mashine nyingi hazijibu. Zingine zinawaka taa lakini skrini inabaki nyeusi. Zingine zimefunguliwa ili kutolewa vipande vya kuponya jirani yake, na jirani naye hakupona. Siku hiyo hakuna anayekuja kupiga picha.

Wakaaji wengi wa Kivu wanajua shule ya namna hiyo. Wakiuliza, wanapewa sababu zilezile: umeme mbaya, vumbi, watoto wasiojua kutumia. Kuna ukweli ndani yake. Lakini iko sababu nyingine ambayo haisemwi kwa sauti, kwa kuwa inagusa wale waliotia sahihi kwenye faktire. Mashine nyingi zilianza kufa siku ileile zilipoagizwa, pale mtu alipochagua ubao mama kwa kutazama bei peke yake, tena akachanganya aina nne au tano katika chumba kimoja.

Ubao mama, ule ambao mafundi wa Bukavu na Uvira wanauita carte mère, ni lile bamba pana lililo ndani ya kisanduku cha kompyuta. Prosesa inakaa juu yake. Memori inachomekwa juu yake. Diski, kibodi, skrini na kamba ya mtandao vyote vinaishia kwake. Memori ikiharibika, fundi anaibadilisha kwa dakika tano. Diski ni vilevile. Ubao mama ukiharibika, kompyuta nzima imelala, na mara nyingi shule italazimika kutafuta hata prosesa na memori mpya, kwa sababu ubao wa aina nyingine haupokei zile za zamani.

Mtu anayejinunulia kompyuta ya nyumbani akikosea, hasara ni yake. Shule inayounganisha kompyuta 20 kwa mara moja ikikosea, kosa linajirudia mara 20. Na makuta hayo si ya prefe. Elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019 ni ya shule ya msingi. Kwenye sekondari mzazi bado analipa. Analipa mama anayeuza ndagala sokoni, analipa papa mwenye pikipiki. Analipa pia mhami wa vita aliyefika na godoro moja na watoto watano, aliyekimbia Masisi, Kalehe au milima ya Fizi. Tangu vita vilipofika Goma Januari 2025 na Bukavu Februari 2025, familia nyingi zimeandikisha watoto katika shule ambazo hazikuwa zao. Kuwachukulia watu hao dola kwa ajili ya mashine itakayokufa kabla ya mwaka wa shule kwisha ni kuwaibia, hata kama aliyefanya hivyo hakutia hata senti moja mfukoni mwake.

Kuna wanaosema kwamba mhami anahitaji unga na hema, na habari ya kompyuta ni anasa. Waulizwe wahami wenyewe. Shamba limebaki nyuma. Ng'ombe wamebaki nyuma, au wamechukuliwa. Alichokijua mtoto hakikuachwa njiani. Kijana anayejua kuandika barua kwenye kompyuta, kupanga hesabu kwenye jedwali na kutengeneza mashine iliyoharibika anaweza kupata kazi Kalemie, Bujumbura au popote vita vitakapomsukuma. Ndiyo maana chumba chenye kufuli kinauma.

Hesabu ya rahisi

Anayetetea bei rahisi husema kwamba shule haina makuta. Basi hesabu ipigwe. Chukua mfano wa shule inayotaka kompyuta 20. Mfanyabiashara mmoja anatoa mbao mama za modeli moja inayojulikana kwa dola 80 kila mmoja. Mwingine anatoa mchanganyiko wa mbao zisizo na jina kwa dola 50. Tofauti ni dola 600 kwa zote 20, na kwenye mkutano wa komite watu wanapiga makofi kwa sababu ya dola 600 zilizookolewa.

Mwaka haujaisha, mbao tano zimekufa. Zile za aina ileile hazipatikani tena. Fundi anashauri kununua ubao mwingine pamoja na prosesa na memori zinazoukubali, tuseme dola 150 kwa kila mashine. Hiyo ni dola 750. Akiba ya dola 600 imekwisha na shule imeongeza dola 150, bila kuhesabu usafiri na malipo ya fundi. Darasa la wanafunzi 60 lililokuwa linakaa watatu kwa mashine moja sasa linakaa wanne. Mtoto wa nne hashiki kibodi. Anatazama bega la mwenzake. Na ni rahisi kujua mtoto wa nne ni nani: mara nyingi ni yule aliyefika juzi, asiye na rafiki darasani.

Wazee walisema rahisi ghali. Komite nyingi zinalijua neno hilo wakati wa kununua bati za paa, lakini zinalisahau zikinunua kompyuta.

Modeli moja kwa mashine zote

Kanuni ya kwanza kwa anayeunganisha kompyuta nyingi ni nyepesi: modeli moja ya ubao mama kwa mashine zote, na mbao mbili za ziada zikae kwenye kabati. Faida yake inaonekana siku ya kwanza. Fundi anatayarisha mfumo na programu zote kwenye mashine moja, kisha anainakili diski hiyo kwa zingine 19. Kama mbao ni za aina tano, kazi hiyo inarudiwa mara tano, na kila aina inadai programu endeshi zake za sauti, za mtandao na za picha. Kwenye mji ambako intaneti inanunuliwa kwa megabaiti, hayo nayo ni makuta.

Faida kubwa zaidi inakuja baadaye. Mashine mbili zikiharibika kwa namna tofauti, fundi anatoa kizima huku na kizima kule, anapata moja inayotembea. Memori ya hii inaingia kwenye ile. Ubao wa kabatini unachukua nafasi ya uliokufa asubuhi ileile, na somo linaendelea. Hata mwalimu asiye fundi anajifunza dalili za modeli moja. Dalili za modeli tano hawezi kuzishika kichwani.

Watu wenye akili watauliza: na kama modeli hiyo moja yenyewe ni mbovu, si zote 20 zitaanguka pamoja? Swali ni la haki, na historia inalijibu. Kati ya mwaka 2003 na 2005, Dell, kampuni kubwa ya Marekani, iliuza mamilioni ya kompyuta za ofisi za aina ya OptiPlex ambazo mbao mama zake zilikuwa na kapasita mbovu, vile vikopo vidogo ambavyo mafundi wa hapa wanaviita kondensa. Vikopo vilivimba, vikavuja, na mashine zikafa kwa makundi kwenye ofisi na vyuo vikuu vilivyozinunua. Mwaka 2005 kampuni ililazimika kutenga dola milioni 300 kwa ajili ya hasara hiyo. Jina kubwa peke yake halikumlinda mnunuzi.

Lakini chuo kilichokuwa na karatasi na mkataba kiliweza kudai kutengenezewa. Shule ya Kivu iliyonunua mchanganyiko bila faktire itamdai nani? Kwa hiyo dawa ya hatari hiyo ni kujaribu kabla ya kununua zote. Shule inunue mbao mbili kwanza. Mashine hizo mbili ziunganishwe kamili, ziwashwe wiki mbili kwa saa zilezile za masomo, kwenye chumba kilekile, kwa umeme uleule. Ipo programu ya bure inayoitwa Memtest86+ inayopima memori. Iachwe itembee kwa saa kadhaa, au usiku mzima kama umeme upo. Mbao mbili zikipita, zingine 18 na za ziada ziagizwe, za modeli ileile. Zisipopita, shule imepoteza mbili, haikupoteza 20.

Modeli yenyewe pia isiwe ile iliyotoka mwezi uliopita. Iwe imeuzwa mwaka mmoja au zaidi, ili makosa yake yawe yamejulikana na mtengenezaji awe ameyasahihisha kwenye BIOS, ile programu ndogo inayoamsha mashine.

Mitego ya sokoni

Wafanyabiashara wengi wanaoleta vipande kutoka Dubai, Kampala au China ni watu waaminifu wanaotafuta maisha. Lakini mnunuzi asiyejua kitu anawatega hata waaminifu, na kuna mitego ambayo komite ya wazazi inaweza kuikwepa bila kuwa na fundi hata mmoja.

Mtego wa kwanza ni mbao zisizo na mtengenezaji anayejulikana, zinazouzwa pamoja na prosesa kuukuu za seva kwa jina la X79 au X99. Namba ya prosesa inatisha kwa ukubwa, bei ni ndogo. Nyingi ya mbao hizo zimejengwa kwa chipu zilizong'olewa kwenye mbao kuukuu na kubandikwa upya, na BIOS yake haina pa kutafutwa ikiharibika. Prosesa zake hazitoi picha zenyewe, kwa hiyo kila mashine inadai kadi ya picha. Tena zinakula umeme mwingi. Kwa shule inayotegemea mitambo ya jua na betri, mashine kama hizo zinamaliza betri kabla ya somo la pili.

Mtego wa pili ni herufi moja. Prosesa za Intel ambazo namba yake inaishia na F hazina uwezo wa kutoa picha. Kwa upande wa AMD za soketi AM4, zenye uwezo huo ni zile zenye G kwenye namba. Shule ikinunua isiyo na uwezo huo, skrini itabaki nyeusi hata kama ubao ni mzima na una tundu la skrini, na watu watalaumu ubao bure.

Mtego wa tatu ni memori. DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR5. Mbao za chipu ya H610 ya Intel zinapatikana za aina zote mbili, na sanduku zinafanana. Anayeandika tu "H610" kwenye karatasi ya kuagiza anaweza kuletewa nusu za aina hii na nusu za aina ile. Jina kamili la modeli liandikwe, herufi kwa herufi, pamoja na namba ya toleo iliyochapwa kwenye ubao wenyewe, kwa sababu watengenezaji wengine hubadilisha vipande ndani huku jina la nje likibaki lilelile.

Mtego wa nne unakuja na kompyuta kuukuu za ofisi, zikiwemo zile za msaada. Nyingi ni nzuri na imara. Lakini baadhi ya makampuni makubwa hutumia plagi zao wenyewe kati ya ubao na kisanduku cha umeme. Kisanduku kikiungua, cha kawaida cha sokoni hakiingii. Shule inayounganisha mashine zake inapaswa kudai ubao wa vipimo vya kawaida, kama micro-ATX, wenye plagi ya kawaida ya pini 24, ili kisanduku cha duka lolote kifae.

Zaidi ya hapo, shule haihitaji mbao zenye taa za rangi wala zile za wachezaji wa michezo. Inahitaji kapasita ngumu zisizo na maji ndani, kwa sababu zinavumilia joto. Inahitaji tundu la mtandao na tundu la skrini linalolingana na skrini zilizopo. Kama skrini ni za zamani za VGA, ubao uwe na VGA. Mbao nyingi za chipu ya H610 au A520 zinatosha kabisa kwa kuandika, kupiga hesabu, kujifunza programu na kusoma masomo yaliyohifadhiwa bila intaneti.

Umeme usisamehewe

Ni lazima kusema ukweli wote. Hata ubao bora hauwezi kushinda umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu mara nane kwa siku. Komite inayonunua mbao nzuri na kuzichomeka moja kwa moja ukutani imefanya nusu ya kazi. Kifaa cha kutuliza umeme, kile kinachoitwa régulateur, waya wa ardhi uliofungwa vizuri, na visanduku vya umeme vyenye uzito wa kweli ni sehemu ya bei ya kompyuta, vihesabiwe tangu mwanzo. Umeme ukikatika, mashine zichomolewe, zisubiri dakika chache baada ya umeme kurudi. Vumbi litolewe kwa brashi kila muhula.

Na kabla ya kutupa ubao, betri yake ndogo ikaguliwe. Ni ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032, ina volti 3, na inauzwa bei ndogo sana. Ikichoka, saa ya mashine inarudi nyuma miaka, mipangilio inapotea, na kompyuta inasimama ikidai mtu abonyeze kibodi. Fundi asiye mwaminifu anaweza kusema ubao umekufa, akauchukua, akauza kwingine.

Madini yanarudi namna gani?

Kuna jambo moja zaidi linalopaswa kuwachoma wakubwa. Tini inayoshika vipande juu ya ubao mama inatokana na kasiteriti, na kasiteriti inachimbwa Walikale na Kalehe. Koltani ya Rubaya, Masisi, inatoa tantali inayotumika kutengeneza kapasita ndogo za simu na kompyuta. Vijana wa milima hiyo wanashuka mashimoni, wengine wanafia humo, na familia zao zinafukuzwa na bunduki zinazopigania mashimo hayohayo. Madini yanapanda ndege na meli, yanageuka vifaa, kisha yanarudi Kivu yakiwa ubao uliochokonolewa kwenye mashine iliyotupwa, unauzwa kama mpya kwa shule ambako mtoto wa yule mchimbaji amekaa chini akiwa mhami. Bei ya soko la dunia haiko mikononi mwa prefe. Kukataa takataka mlangoni mwa shule kuko mikononi mwake.

Kinachodaiwa

Wazazi hawahitaji kuwa mafundi. Wanahitaji karatasi. Kabla ya pesa kutoka, orodha ibandikwe kwenye ukuta wa shule, mahali ambapo kila mzazi anaona: jina kamili la modeli ya ubao, idadi, bei ya kila mmoja, jina la muuzaji, na muda wa garanti kwa maandishi. Namba ya kila ubao iandikwe kwenye daftari, ili uliopelekwa kutengenezwa uwe ndio utakaorudi. Wahami wa vita wanaolipa kama wengine wawe na mtu wao kwenye komite, wala wasiambiwe kwamba wao ni wageni.

Mashirika yanayotoa msaada nayo yasijitoe. Shirika linaloleta kompyuta 20 za aina saba, bila ubao wa ziada na bila fundi aliyefundishwa, limejiletea picha ya ripoti. Bora lilete 12 za aina moja pamoja na mbili za ziada, na lirudi kukagua baada ya mwaka mmoja, siku ambayo hakuna nyimbo wala vitambaa mezani.

Na prefe anayesema hakuna muda wa kujaribu mbao mbili kwa wiki mbili kwa sababu tarehe ya sherehe imeshapangwa, aulizwe mbele ya wazazi: sherehe ni ya nani? Tarehe isogezwe. Wanafunzi waliosubiri kompyuta miaka yote hiyo wanaweza kusubiri wiki mbili zaidi, kama watakachopata kitakuwa bado kinawaka mwakani.